Kipanga kwa Herufi Kubwa

Kwanza ieleweke kwamba mimi naandika sawasawa. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa msoma prufu katika kiwanda cha uchapaji, kazi yangu kukamata makosa ya watu kabla hayajachapwa, na hakuna aliyewahi kunirudishia ukurasa akisema hapa umepitiwa. Ndiyo maana wapangaji wa nyumba ya dada yangu waliniita Mzee Prufu. Wao walidhani wananitania. Mimi nililipokea jina hilo kama haki yangu.

Nilihamia kwa Dada baada ya kuvunjika nyonga. Dada ananipita miaka sita, ni mjane, mfuaji wa shuka hospitalini, na nyumba aliachiwa na marehemu mumewe: ghorofa moja, vyumba vinane, ua katikati. Alinipa chumba cha juu kinachotazama uani, akaweka kiti cha mikono mbele ya dirisha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alinivisha, akanikalisha pale, akaniachia chai, mkate na kopo la haja ndogo, na saa tisa alasiri alinikuta pale pale. Kusimama bila kushikwa sikuweza.

Siku niliyoletwa, ngazi ilikuwa tatizo. Aliyenipandisha ni fundi viatu, mpangaji wa chumba cha chini ya ngazi, aliyeishi humo na mkewe mja mzito. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Kipanga, kwa sababu ya jicho lake. Alikaa nje ya lango na sanduku lake la misumari, na mtu akiwa bado ng'ambo ya barabara Kipanga ameshaona soli iliyoachia. "Shemeji, kiatu chako kinacheka huko," atasema, na kabla shemeji hajajibu, kiatu kiko mikononi mwa fundi. Jina lilimganda hata mkewe akawa anamwita hivyo hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulisikia.

Kipanga aliniweka mgongoni, akapanda ngazi huku watu wote wa nyumba wakitazama, na alipofika katikati akasema kwa sauti, "Jamani, Mzee Prufu mwepesi kama kifaranga." Ua mzima ukacheka. Mkewe alicheka mpaka akashika tumbo. Alinikalisha kitini kwa adabu, akanivuta suruali vizuri, akaniuliza kama nimekaa sawa. Nikamwambia nimekaa sawa. Tangu siku ile sikumpenda, na sitajifanya kwamba nilikuwa na sababu nyingine.

Sasa vifaranga. Kuku wa Dada aliangua kumi na wanne. Dada ana binti mmoja, yuko mbali, na miaka minne ilikuwa imepita hawajaonana. Kuku wale wakikua, alisema, ndio watampeleka kwa mwanawe. Akirudi kazini, hata viatu hajavua, anachuchumaa uani na kuwahesabu kwa kidole. Uani kwenyewe hakukuwa na hofu ya mwewe wala nani, kwa sababu juu kulijaa kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta, na kamba hazikukosa shuka. Ndege gani atapita hapo, watu walisema.

Alipita chini yake. Mara ya kwanza nilidhani ni kitambaa kimeponyoka kwenye kamba. Kitu cha rangi ya majivu kiliteleza chini ya shuka, chini kabisa, kimo cha goti, kikaibukia upande wa pipa la maji miguu ikiwa imetangulia. Kuku alipiga kelele akiwa ameshachelewa. Alikuwa kipanga, yule wa mabawa. Alipanda juu ya jukwaa la tangi la maji, hatua chache tu kutoka usoni kwangu, akatandaza mabawa yote mawili kuufunika mguu wake, kama mwanafunzi anayeficha majibu asichunguliwe na mwenzake. Kifaranga alikuwa hai. Nilidhani atamwua kwanza, hakumwua. Alianza kumnyonyoa kifuani, manyoya ya njano yakaruka moja moja, kisha akaanza kula, na kifaranga akaendelea kulia, sauti ikawa nyembamba, ikakatika, ikarudi, ikakatika. Ilichukua muda mrefu. Nilipokumbuka chai yangu ilikuwa imepoa.

Ningeweza kupaza sauti. Mapafu yangu hayakuvunjika. Lakini elewa nilivyokuwa: miezi minne hakuna jambo lililotokea mbele ya macho yangu. Kila kitu niliambiwa. Niliambiwa mvua imenyesha, niliambiwa nguo zangu zimefuliwa, niliambiwa leo naonekana nina nafuu. Na sasa mbele yangu, pasipo mtu mwingine kuona, kulikuwa na kiumbe anayefanya kazi yake bila kosa. Nilifurahi. Sijui neno lingine la kutumia, na maneno ndiyo kazi yangu.

Kesho yake nilimwomba Dada anisogezee kiti karibu zaidi na dirisha. Alisema vizuri, nipate hewa.

Nikajifunza. Akiwa karibu, shomoro wa ukutani hunyamaza wote kwa pamoja, na kimya hicho ndicho hodi yake. Hukaa kwanza juu ya antena ya nyumba ya jirani, jua likiwa mgongoni kwake, ili atakayemtazama aumie macho. Hutikisa kichwa juu na chini, anapima. Humsubiri mke wa fundi amalize kuosha vyombo na kuingia ndani kulala, maana mimba ilishamlemea. Mdogo kuliko wote hana haja naye. Humtaka aliyetazama pembeni, au yule mwenye tofauti. Dada alimfunga kifaranga mmoja kilema uzi mwekundu mguuni ili amtunze zaidi kuliko wengine, na kesho yake yeye ndiye aliyeliwa, uzi ukabaki unaning'inia kwenye tangi. Na akikosa, hajionyeshi kwamba amekosa. Hutua ukutani, akajikuna shingo, akatazama kwingine, kana kwamba alikuwa anapita tu.

Haya yote niliyaandika katika daftari nililotoka nalo kiwandani. Mimi siandiki mapambo, naandika kama mtu anayesahihisha. "Kipanga, saa nne na robo. Mwenye madoa, kando ya pipa. Amepata." "Jumanne. Nilimwona kipanga saa tatu akisubiri mwanamke aingie ndani. Mweusi. Amepata." "Alhamisi. Leo kipanga amekosa mara mbili, akaondoka." Ukurasa mmoja tu nilichora: bawa, kucha, na jinsi mdomo unavyopinda.

Dada aliporudi na kukuta kumi, aliuliza. Alipokuta wanane, alipanda juu.

"Mdogo wangu, wewe si unakaa hapa siku nzima? Hujaona kitu?"

"Nasinzia, Dada. Zile dawa."

Alitazama chini uani. Fundi alikuwa amekaa langoni anapiga soli, na kutoka chumba cha chini ya ngazi harufu ya supu ya kuku ilipanda mpaka kwetu. Mke wa fundi alikuwa ameletewa kuku mzima na mama yake, nilimwona mama mwenyewe akiingia naye amembana kwapani. Kuku mzima na kifaranga wa wiki mbili hawalingani hata kidogo. Lakini mtu mwenye hasira hapimi.

"Anakula vizuri mwenzetu," Dada akasema.

Mimi nikanyamaza. Hapo bado nilikuwa sijamsingizia mtu, nilikuwa nalinda dirisha langu tu. Ningesema ni ndege, Dada angetandaza wavu juu ya ua siku ile ile.

Wiki iliyofuata walibaki watano. Jumapili asubuhi, Dada akibadilisha shuka zangu, daftari likaanguka kutoka chini ya godoro. Nilikuwa kitini, siwezi kulifikia. Dada husoma taratibu, midomo ikitembea, kidole kikifuata mstari. Alisoma ukurasa wa kwanza. Alisoma wa pili. Aliketi kitandani.

"Kipanga, saa nne na robo," alisema. "Kipanga. Kipanga. Yaani siku zote hizi ulikuwa unamwona?"

Nilifungua mdomo. Na kabla sijasema lolote, dada yangu alipiga magoti mbele ya kiti changu, akanishika mikono yote miwili, akaanza kulia.

"Uliogopa kusema," alisema. "Uko hapa peke yako, huwezi hata kusimama, na yeye ana nguvu zake. Uliogopa, lakini uliniandikia. Mdogo wangu, na mimi nilikuwa najisemea moyoni kwamba umekuwa mzigo."

Lugha yetu haina shida na jambo hili. Ndege akija, amekuja. Mtu akija, amekuja. Kipanga amesubiri, kipanga amechukua, kipanga amekosa: ukisikia hujui kama anayesemwa ana mabawa au ana sanduku la misumari. Kitu kimoja tu ndicho kinachowatenga, nacho hakisikiki, kinaonekana kwenye karatasi tu. Ndege huanza na herufi ndogo. Jina la mtu huanza na kubwa.

Dada aliniwekea daftari mapajani. "Shika mwenyewe, ni ushahidi wako. Nakwenda kuwaita watu."

Nilibaki na daftari, na kalamu mfukoni mwa shati. Nikalipitia kama nilivyozoea, mstari kwa mstari. Penye mwanzo wa sentensi hapakuwa na shida, kila mwanzo una herufi kubwa. Katikati ya sentensi nilikuta mahali saba penye k ndogo. Yeyote mwenye elimu ya darasa la tano angeziona. Herufi k ndiyo rahisi kuliko zote: unapandisha mkono, unateremsha mguu, basi. Nilizisahihisha zote saba. Mkono wangu ulifurahi kupata kazi. Ukurasa wenye mchoro niliuchana, na kwa kuwa sikuwa na pa kuutupa, niliutafuna. Karatasi ya kiwandani ni ngumu. Niliimeza kwa chai.

Walikusanyika chumbani kwangu, maana mimi ndiye nisiyeweza kushuka. Karani wa chumba cha mbele ndiye aliyesoma, kwa sababu ni mtu wa ofisi na anapenda kusikika. Fundi alisimama mlangoni na aproni yake ya ngozi, mkewe nyuma yake ameegemea ukuta.

"Nilimwona Kipanga saa tatu akisubiri mwanamke aingie ndani," Karani akasoma.

Mke wa fundi akamtazama mumewe. Haikuwa muda mrefu, labda muda wa kuvuta pumzi, lakini alimtazama kama mtu asiyemjua, na fundi aliona. Nilikuwa nimetazama nyuso za vifaranga wengi wiki zile, na nakwambia hakuna aliyekuwa na uso kama ule wa fundi.

"Mama, hebu subiri," fundi alimwambia Dada. "Huyu si mimi. Huyu ni ndege. Kuna kipanga anakuja hapa, lazima, mimi niko nje ya lango sioni ndani." Akanigeukia. "Mzee Prufu, niangalie. Ni kipanga yupi?"

Lilikuwa swali zuri kabisa. Nimefanya kazi na wahariri wenye shahada ambao wasingelipata.

"Nimeandika nilichokiona," nikasema.

"Ndege na mtu hawaandikwi sawa, Mzee. Mimi sikusoma sana, lakini hilo nalijua."

"Ni kweli," Karani akasema, akainua daftari kuelekea dirishani, akaanza kupekua ukurasa baada ya ukurasa. Tulimsubiri wote. "Herufi kubwa," alisema mwishowe. "Kila mahali. Hata katikati ya sentensi. Ni jina la mtu."

"Na kamba zile za nguo," mtu mmoja akasema, "ndege atapita wapi?"

Dada aliwapa mpaka kesho saa sita mchana wawe wamehama.

Kesho yake asubuhi fundi alipanda juu peke yake. Nilidhani atanipiga, nikashika mkono wa kiti. Alibaki amesimama katikati ya chumba akizungusha kofia mikononi.

"Mzee, mimi nilikubeba," alisema.

"Najua."

"Mgongo uliniuma wiki nzima. Ulikuwa mzito. Nilisema mwepesi ili usione haya mbele za watu." Akaipindua kofia. "Mke wangu hajalala. Amebakiza wiki tatu tu ajifungue. Nikienda kupanga kwingine wataniuliza nimetoka wapi, na watakuja kuuliza hapa. Sema neno moja kwa Mama. Sitakuuliza kwa nini."

Mtu akikuomba hivyo, unaona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja. Lakini nililiangalia lile neno, na nyuma yake nikamwona Dada akisoma tena daftari, akiona wino mpya kwenye zile saba, akikumbuka machozi yake mwenyewe magotini pangu. Na jambo lingine lilinichoma, kwamba fundi alikuwa amenihurumia tangu siku ya kwanza, na watu walicheka kwa sababu ya huruma yake.

"Nimeandika nilichokiona," nikasema tena.

Walitoka saa tano na nusu, hata muda wao haukuisha. Yeye alibeba godoro kichwani na sanduku mkononi, mkewe alibeba sufuria. Dada siku ile alinipikia wali kwa samaki na akakaa nami mpaka nimalize. Aliniita mlinzi wa nyumba. Kwa siku tatu nilikuwa mtu.

Siku ya nne mashine za hospitali ziliharibika, wafuaji wakarudishwa. Saa nne kasoro Dada alikuwa uani anaanika nguo zake mwenyewe. Nilisikia shomoro wakinyamaza. Ningeweza hata wakati ule kukohoa, kumwita, kumwambia niletee maji. Sikufanya hivyo. Kitu kile cha majivu kilipita kati ya shuka mbili, karibu kimguse goti, kikanyakua kifaranga miguuni pake.

Dada alibaki na nguo mbichi mkononi. Alimtazama kipanga juu ya tangi. Alimtazama alivyotandaza mabawa, alivyonyonyoa, alivyoanza kula, na alimsikia kifaranga wake. Kisha aliinua macho kwenye dirisha langu. Mimi nilikuwa na daftari mapajani na kalamu mkononi.

Alipanda taratibu, na aliketi palepale kitandani.

"Ulikuwa unamwona."

"Ndiyo, Dada."

"Wote hao?"

"Wote."

"Na mimi nikipiga magoti hapa, ulikuwa unajua."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alijifuta mikono na kanga yake, akafuta muda mrefu baada ya mikono kukauka.

"Sikujui wewe," alisema, akatoka.

Alasiri mbili alizunguka kumtafuta fundi. Siku ya pili alimkuta sokoni, ameketi chini ya kipande cha nailoni, hana kiatu hata kimoja mbele yake. Mkewe amerudi kwa mama yake. Mwizi wa kuku, watu walikuwa wanasema, na mtu hampi mwizi kiatu chake halafu akabaki amesimama peku kumsubiri. Dada alimwangukia. Fundi hakumtukana. Alimwambia, "Mama, mimi nilisomwa mbele za watu. Kweli nayo iandikwe, ibandikwe langoni, watu wasome. Nikiiona, nitarudi na mke wangu ajifungulie pale."

Yote haya Dada, ambaye kwa aibu alikuwa bado hajawaambia wapangaji lolote, alinieleza akiwa amesimama, akitazama ukuta juu ya kichwa changu. Alikuwa ameleta karatasi kubwa nyeupe na kalamu nene nyeusi.

"Wewe ndiye uliyeandika la kwanza. Utaandika na hili," alisema. "Mimi mwandiko wangu mbaya, watu watacheka. Andika kwamba waliochukuliwa walichukuliwa na kipanga. Na uandike kwa herufi kubwa, wasome toka barabarani."

"Herufi kubwa zote?"

"Zote. Kwani huelewi?"

Nilielewa. Nilielewa kabla hajamaliza kusema, na nakiri kwamba kitu kiliruka kifuani mwangu, kile kile kilichoruka siku ya kwanza chini ya shuka. Sikuwa nimekitafuta. Kililetwa mbele yangu na mtu aliyekuwa ametazama pembeni.

Niliandika vizuri, herufi zimesimama wima, nafasi zimelingana: TANGAZO. VIFARANGA WA NYUMBA HII WALICHUKULIWA NA KIPANGA. WOTE MJUE HIVYO.

Dada aliifuata kwa kidole. "Huoni afadhali uongeze ndege?"

"Kipanga ni ndege, Dada. Ukiandika ndege kipanga unarudia neno bure. Kiwandani tungelifuta."

Alifikiri. Alikuwa amemwona ndege kwa macho yake mwenyewe, na mtu aliyeona hawezi tena kusoma kama asiyeona. Zaidi ya hayo, katika mambo yote aliyokuwa ameacha kuniamini, hili moja hakuliacha. Alikunja karatasi, akashuka nayo.

Aliibandika Jumamosi asubuhi, saa moja na nusu, kwa gundi ya unga pande zote nne isibanduke. Kutoka dirishani naliona lango lote na kipande cha barabara. Wapita njia walianza kusimama. Mwanamke mmoja mwenye kapu alimsomea mwenzake kwa sauti, wakaguna, wakatikisa vichwa. "Kipanga yule fundi? Mpaka wamemwandika?" Kijana wa baiskeli alicheka. Karani akienda kazini alisoma, akasema kwa sauti yake ya ofisi kwamba ni vizuri mambo yawekwe wazi. Dada alikuwa jikoni anapika chakula cha kuwapokea wageni wake, hakusikia hata mmoja.

Walikuja saa sita. Fundi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mkono mmoja umemshika mkewe kiwiko, kwa kuwa alikuwa anatembea kwa shida. Pale langoni palikuwa na watu watano au sita. Walimwona, wakampisha kwa namna ambayo watu humpisha mtu wasiyetaka awaguse. Dada alitoka mbio akijifuta mikono.

"Karibuni, karibuni jamani. Njoo usome mwenyewe, baba. Iko kama ulivyotaka."

Fundi alisoma. Halikuwa tangazo refu. Alilisoma, akaligeukia kundi la watu, akalirudia tangazo, na mkewe, ambaye nadhani hajui kusoma, alikuwa anamwangalia usoni kujua limesema nini. Kisha akainua kichwa, akanitazama juu dirishani. Jicho lake lilikuwa zuri kweli, waliompa lile jina hawakukosea. Sikuweza kumtazama, nikaangalia tangi.

Nilipoangalia tena walikuwa wameshageuka. Walikuwa wanarudi walikotoka, polepole, kwa sababu ya tumbo. Dada alipiga hatua chache barabarani, akawaita, "Baba! Mama! Mbona mnaondoka? Kuna nini?" Hawakugeuka. Mtu mmoja kwenye lile kundi akamwambia, "Mwache aende, Mama, umefanya vizuri," naye akamtazama mtu yule bila kuelewa.

Akarudi mbele ya lango. Alisimama karibu kabisa na karatasi, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza kusoma taratibu, midomo ikitembea, mpaka mwisho. Akarudi mwanzo akasoma tena. Alikuwa anatafuta kosa. Wali ulianza kuungua jikoni, nilisikia harufu yake nikiwa huku juu, na yeye bado alikuwa amesimama pale anasoma.